Kipande cha Shina Huwa Mmea: Habari za Mihogo, Viazi na Migomba Kandokando ya Ziwa

Kila Jumapili soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika watu na mizigo. Huletwa viazi vitamu kutoka Kabondo, ndizi kutoka milima ya Kisii, mihogo, mahindi, mtama, wimbi, maharagwe, nyanya na mboga za kienyeji za kila namna. Mlaji akivitazama vitu hivyo huona chakula tu, na huuliza bei. Lakini mkulima mwenye fikira ataona ya kuwa vimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mimea iotayo kwa punje: mahindi, mtama, wimbi, maharagwe na nyanya. Kundi la pili ni la mimea ambayo watu hawaipandi kwa punje hata kidogo. Hakuna aendaye dukani kutafuta punje za muhogo, wala za ndizi, wala za kiazi kitamu. Muhogo hukatwa shina lake likapandwa. Kiazi hukatwa marando yake. Mgomba hung'olewa chipukizi lililoota ubavuni mwake. Na muwa hukatwa vipande, kila kipande na macho yake.

Yaonekana kuwa ni jambo dogo, la desturi tu. Walakini ndani ya tofauti hiyo imo sababu ya njaa iliyowafikia watu wengi wa nchi za ziwa katika miaka ya 1990, na imo pia njia ya kujikinga nayo.

Kwanza yafaa kufahamu punje ni kitu gani. Punje ni mtoto wa wazazi wawili. Katika ua huwamo vumbi jembamba liitwalo chavua, nalo ni la upande wa kiume. Na chini ya ua vimo vijiyai vidogo vya upande wa kike. Upepo au nyuki huichukua chavua, na viwili hivi vikikutana, punje huanza. Atakaye kuona kwa macho yake mwenyewe na aloweke haragwe usiku kucha, kisha asubuhi alimenye ngozi na kulipasua katikati. Ataona vipande viwili vinene, ambavyo ni akiba ya chakula. Na baina yake, upande mmoja, ataona mmea mdogo kabisa, una mzizi wake na majani yake mawili yaliyokunjwa. Mmea umekwisha kuwamo. Maji na joto huja kuuamsha tu.

Na kwa kuwa mtoto huyo amerithi kwa baba na kwa mama, hafanani sawasawa na mmoja wao. Hii ndiyo sababu mkulima wa mahindi chotara hupata hasara akipanda punje alizozitoa katika mavuno yake. Mahindi chotara namba 611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, yalizaliwa kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador katika Amerika ya Kusini. Nguvu yake ilikuwa katika uzao ule wa kwanza. Uzao wa pili huchanganyika, mmea mmoja mrefu na mwingine mfupi, na mavuno hupungua. (Haragwe halina taabu hiyo, kwa maana kwa kawaida hujichavusha lenyewe ndani ya ua lake kabla ya kufunguka, kwa hiyo bibi aliyeweka akiba ya maharagwe yake miaka ishirini hakukosea.)

Kijiti cha muhogo si mtoto. Hakina baba wala mama. Ni mmea ule ule uliokatwa, ukaendelea kuishi mahali pengine. Mama mmoja wa Seme akimpa jirani yake vijiti, na jirani akampa shemeji yake wa Asembo, na shemeji akampa mwingine, mashamba yote hayo kwa hakika yana mmea mmoja uliotawanyika. Faida yake ni kubwa: muhogo mtamu utabaki mtamu, na ule uivao upesi utaendelea kuiva upesi, hata baada ya miaka hamsini. Lakini urithi huo una upande wake wa pili. Kijiti huchukua mema yote ya shina lililokizaa, na huchukua maradhi yake vilevile.

Wengi hustaajabu jinsi kijiti kikavu, kisicho na mzizi wala jani, kinavyoweza kuwa mmea. Zamani wataalamu walidhani kwamba mmea hula udongo kama vile ng'ombe alavyo nyasi. Mtu mmoja wa nchi ambayo leo huitwa Ubelgiji, jina lake Jan Baptist van Helmont, aliamua kupima. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chombo kikubwa, akapanda humo shina la mti upendao maji, lenye uzito wa ratili 5, akalinywesha maji kwa miaka mitano. Mwisho wake mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na zaidi, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua kadiri ya wakia mbili tu! Habari hizo zilichapwa mwaka 1648, naye amekwisha kufariki. Van Helmont aliamini kwamba mti wote umetokana na maji. Alipata nusu ya kweli. Nusu nyingine ni hewa. Jani hunywa hewa ya ukaa kwa vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwa nguvu ya jua huichanganya na maji yaliyopanda kutoka mizizini, likafanya sukari. Katika sukari hiyo mmea hujenga shina, na ile inayozidi huigeuza kuwa wanga na kuiweka akiba. Muhogo ni ghala ya wanga. Udongo hutoa kidogo tu, yaani naitrojeni, fosforasi, potasiamu na vingine vichache. Lakini kidogo hicho kikikosekana jani haliwezi kazi yake, ndiyo maana samadi ina thamani.

Sasa mambo ya kijiti yatafahamika. Penye kila kovu la jani lililoanguka kuna jicho, na katika jicho hilo hulala tawi ambalo bado halijaamka. Shina linapokuwa zima, ncha ya juu hutoa dawa ya asili inayoyazuia macho ya chini yasichipue. Shina likikatwa, amri ile huondoka, na macho huamka. Dawa hiyo hiyo hushuka kuelekea upande wa chini wa kijiti, ikajikusanya penye jeraha. Hapo hufanyika uvimbe mdogo, na katika uvimbe huo na karibu na mafundo hutoka mizizi. Dawa hiyo haigeuzi njia hata kijiti kikigeuzwa. Kwa hiyo anayepanda kijiti kichwa chini hukichelewesha bure, na huweza kukiua. Macho na yaelekee juu siku zote.

Tena, mpaka majani mapya yatoke, kijiti hakina chakula kingine ila akiba iliyomo ndani yake. Ncha za juu, laini na za kijani, zina akiba kidogo na hukauka upesi. Sehemu ya chini kabisa ni ngumu kama kuni, na macho yake ni mazito kuamka. Iliyo bora ni ya katikati, ya shina lenye umri wa miezi minane hadi kumi na minane, unene wake kama kidole gumba. Kijiti na kiwe na urefu wa inchi 8 hadi 12, na macho matano au zaidi. Panga liwe kali, maana kijiti kilichopasuka huoza. Nafasi ya yadi moja kila upande huingiza mashina kadiri ya elfu nne na mia nane katika eka. Walio wengi huacha mita moja, ambayo huingiza kama elfu nne.

Sasa ndiyo habari ya maradhi yenyewe. Ugonjwa wa batobato wa mihogo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Majani hupata mabaka ya manjano, hujikunja na kuwa membamba, mmea hudumaa, na chini hupatikana vijimizizi tu. Sababu yake ni virusi, yaani vimelea vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Huenezwa kwa njia mbili: inzi weupe wadogo wakaao chini ya majani, na mwanadamu mwenye panga na mzigo wa vijiti. Inzi huupeleka kidogo kidogo kutoka shamba hadi shamba. Mtu huweza kuupeleka maili mia kwa siku moja, juu ya basi.

Katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, mtaalamu H. H. Storey alianza katika miaka ya 1930 kutafuta muhogo usioshindwa na ugonjwa huo. Hakuona wa kutosha miongoni mwa mihogo ya kawaida, basi akauoanisha muhogo na ndugu yake wa mbali, ule mti wa mpira wa Ceara, ambao ulikuwa umepandwa Tanganyika kwa ajili ya utomvu. Watoto wa kwanza walikuwa na afya, lakini mizizi yao ilikuwa ya miti kuliko ya chakula. Wakaoanishwa na muhogo tena na tena, mpaka ikapatikana mihogo inayoliwa, nayo inavumilia batobato. Kazi hiyo ilifanywa kwa punje, kwa maana kwa punje tu ndipo mmea mpya huzaliwa; kisha ule mmoja uliochaguliwa huongezwa kwa vijiti. Katika miaka ya 1950 punje za uzao wa Amani zilipelekwa Nigeria, na huko baadaye wataalamu wa Ibadan wakazitumia kuzalisha mihogo mingine bora.

Ikawa vyema kwamba kazi hiyo ilikwisha kufanywa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato mpya, kali kuliko ile ya zamani, ilitokea Uganda. Mwaka 1997 ilielezwa kwamba virusi vyake vimezaliwa kwa kuchanganyika kwa aina mbili katika mmea mmoja. Ilienda mbele kila mwaka kama moto wa nyika. Watu wa Teso walioutegemea muhogo kama chakula cha mwaka mzima waliacha kuupanda, na njaa ikaingia. Katikati ya miaka ya 1990 ikavuka mpaka ikaingia Busia na sehemu nyingine za magharibi ya Kenya, kisha ikashuka Nyanza. Wakulima walifanya lile ambalo kila mkulima angefanya: walikata vijiti katika mashina yaliyosalia wakapanda tena. Kwa kufanya hivyo waliupanda ugonjwa pamoja na muhogo, na mavuno ya pili yakawa mabaya kuliko ya kwanza.

Msaada ulitoka Uganda na katika kituo cha Alupe, Busia, ambacho leo ni cha shirika la utafiti la KALRO. Huko vililetwa vijiti vya mihogo inayovumilia, miongoni mwao ule ulioitwa Migyera, ambao asili yake ni Ibadan, na kabla ya Ibadan, Amani. Hivyo yaliyofanywa Usambara katika miaka ya 1930 yalizunguka Afrika yakarudi ziwani baada ya miaka sitini. Hata hivyo adui hakwisha. Tangu mwaka 2004 ugonjwa mwingine, wa michirizi ya kahawia, ambao zamani ulijulikana zaidi pwani, umeonekana Uganda na kisha magharibi ya Kenya. Na baadhi ya mihogo iliyoishinda batobato haikuweza kuushinda huu. Ugonjwa huu una hila. Majani huweza kuonekana mazuri, ila ya chini hugeuka manjano kandokando ya mishipa. Shina hupata michirizi. Na mkulima hujua hasara yake siku ya kuvuna tu, akiupasua muhogo na kuukuta ndani una uozo mkavu wa rangi ya kahawia ambao hata nguruwe huukataa.

Kwa sababu hiyo si jambo la busara kununua vijiti vilivyokwisha kukatwa majani bila kujua vilikotoka. Kijiti kitupu hakisemi kitu. Mnunuzi na aende shambani mmea ukingali na majani, atazame safu kwa safu, na aombe shina moja au mawili yang'olewe na mizizi ipasuliwe mbele yake. Tena iko alama moja ya kufaa sana. Mmea ambao majani yake yote, tangu yale ya kwanza ya chini, yana mabaka, uliupata ugonjwa katika kijiti. Ule wenye majani safi chini na mabaka juu tu uliletewa na inzi. Shamba likiwa na wengi wa namna ya kwanza, kosa ni la mbegu; na mwenye shamba na ang'oe wagonjwa wote katika miezi mitatu ya mwanzo, kabla hawajawaambukiza wengine. Kung'oa mmea ulio hai huuma moyo, lakini kuuacha huuma zaidi wakati wa mavuno.

Viazi vitamu vina taabu ya namna nyingine. Kiangazi cha Desemba hadi Februari huyaua marando, na mvua za Machi zikifika kila mtu huyatafuta kwa wakati mmoja. Akina mama walio karibu na ziwa au mabondeni huyahifadhi penye unyevu, au nyuma ya nyumba yanapomwagwa maji ya kuogea, na wengine hupata fedha kwa kuyauza. Kwa walio mbali na maji iko njia iliyofundishwa katika miaka ya karibuni: baada ya kuvuna huchaguliwa viazi vidogo, vizima, visivyotobolewa na fukuzi, kutoka mashina yenye afya, hupangwa katika beseni lenye mchanga mkavu bila kugusana, na huwekwa mahali penye baridi na kivuli. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua hutolewa vikapandwa katika bustani ndogo yenye maji na kuzungushiwa ua ili mbuzi wasiingie. Mvua zikianza, marando ni tayari. Rando hukatwa futi moja, na zaidi ya nusu ya mafundo yake hufukiwa.

Kwa mgomba, lililo bora ni chipukizi lenye majani membamba kama upanga. Lile lenye majani mapana lingali dogo huwa halina mshikamano mzuri na mama yake, na mavuno yake ni hafifu. Chipukizi hubeba fukuzi na minyoo ya mizizini. Basi na limenywe mpaka libaki jeupe, mizizi yote itupwe mbali na shamba, na likizamishwa katika maji yanayochemka kwa muda wa nusu dakika hivi, wadudu hufa nalo hubaki hai. Tangu miaka ya 1990 hupatikana Kenya pia migomba iliyooteshwa katika chupa, kwa kipande kidogo cha moyo wa mgomba. Bei yake ni zaidi, lakini haina minyoo.

Mwembe una habari zake. Kokwa la embe tamu huweza kuzaa mti wa embe chungu, nao hukawia kuzaa. Kwa hiyo miti huungwa: mche uliotokana na kokwa, unene wake kama kalamu ya risasi, hukatwa kichwa, na juu yake hubebeshwa kikonyo cha mti uliochaguliwa. Chini tu ya gome pana utando mwembamba wa kijani, na humo ndimo shina linamonenepa. Tando za pande mbili zikigusana na kufungwa kwa nailoni zisipate hewa, huungana. Zisipogusana, hata fundi akifunga kwa ustadi gani, kikonyo hufa.

Na yeyote anayeona shaka juu ya nguvu ya kuzaa bila punje na asimame ufukoni Kisumu siku ambayo pepo zimelisukuma gugu-maji mpaka gatini. Mmea mmoja hutoa kijikamba, mwisho wake hutokea mwingine, na huo nao hutoa wake. Lilionekana katika sehemu ya Kenya ya ziwa yapata mwaka 1990, na kabla ya miaka kumi kupita lilikuwa limezuia mitumbwi na meli. Nalo lina punje pia, ambazo hukaa miaka mingi katika tope zikingojea.

Kuhusu vijiti vya muhogo limebaki jambo moja, ambalo huharibu kazi ya wengi. Muhogo ukivunwa kabla ya mvua, mashina yasikatwekatwe wala kutupwa juani. Na yafungwe mafungu yakiwa marefu, yasimamishwe chini ya mti wenye kivuli kizito, upande wa chini ukifukiwa inchi chache katika udongo unaonyunyiziwa maji mara kwa mara. Yakitunzwa hivyo huweza kungoja wiki kadhaa. Siku ya kupanda, kila shina na likwaruzwe gome kwa ukucha: utomvu mweupe ukitoka mara moja, hufaa, ukichelewa au usipotoka, shina hilo ni kuni.